Mtani Aliyevaa Kofia ya Baba

Nikisikia harufu ya ugoro, hata sokoni Kibiti, mzee wa watu anajinusia zake, lazima nigeuke nimtazame ni nani na anataka nini. Nina umri huu, na bado.

Kazi yangu mnaijua. Naitwa kwenye nyumba zenye msiba, au zahanati wananitumia mtu aliyefungika moyo, nakaa naye mpaka afunguke. Watu wa semina wananiita mnasihi. Mimi niliyeishia darasa la nne nimelipokea hilo jina, halina uzito. Basi huulizwa nilijifunzia wapi. Nilijifunza kwa kumshuku mtu.

Baba alifariki mwaka ule niliong'oka meno ya mbele. Tulikuwa tukiishi bondeni, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, na kazi yangu ilikuwa kupiga debe kufukuza ndege na nguruwe. Nguruwe wa siku hizo walikuwa na adabu, wakisikia kelele wanaondoka. Wa sasa wanakutazama tu. Haya, nasema hivi mjue kwamba msiba sikuwahi kuuona. Tukaenda kuzika Mtunda, kwa bibi. Maiti ilipotaka kutolewa, mwanamke mfupi ananuka ugoro, Bi Somoe, akajilaza kizingitini. Kavaa kofia ya baba. Akasema huyu mvivu hatoki, anajifanya amekufa akwepe kuvuna. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Hakuna aliyeniambia kwamba Wamatumbi kama yeye ni watani wetu sisi Wandengereko, na mtani msibani ana ruhusa hiyo. Nikajua tu: aliyemuua baba ndiye huyu.

Mama akakaa eda, ndani, nguo nyeupe, na akanyamaza. Hata mimi hakunisemesha. Chakula hagusi. Bibi akawa ananong'ona na majirani kwamba huyu naye tutamzika. Na nani akajitwika kumhudumia? Bi Somoe, kila asubuhi na bakuli lake la uji. Nikawa nauonja mimi kwanza, nangoja nife. Nilinenepa.

Siku moja akaja na ile kofia kichwani, akakaa kwenye kiti cha baba, akaikaza sauti. "Mama Zuhura, hii mboga umeitia chumvi kweli?"

Zuhura ndiye mimi. Mama akasema kwa sauti iliyokauka, "Hakuwa anasema hivyo. Kwanza alikuwa anakohoa."

"Nifundishe basi, Mndengereko mzima wewe. Alikuwa anakohoaje?"

Mama akakohoa. Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kile kilichokataa kutoka tangu mazishi, akaangukia mapajani mwa Bi Somoe. Nikajua sumu imeshika. Nikamng'ata Bi Somoe mkono. Hakuutoa. Alisema tu niume taratibu, nyama yenyewe ya kizee. Jioni ile mama alimaliza bakuli zima.

Ndiyo maana nikienda kwa mfiwa simuulizi anajisikiaje. Nauliza habari za marehemu, nakosea jambo, nangoja nisahihishwe. Na akinitazama kwa jicho baya, namwelewa. Anayenipokea kwa tabasamu siku ya kwanza ndiye anayenitia wasiwasi.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwendea Bi Somoe, shaka yangu bado ninayo. Nikamuuliza, siku ile alisahau kukohoa, au alifanya makusudi?

"Wazazi wangu waliposhuka bondeni kulima, baba yako na mimi tulikuwa hatujaanza hata kuvaa nguo," akasema. "Tumetukanana maisha yetu yote. Unadhani nisijue kikohozi chake?"

Akageukia ukutani, akakaa hivyo. Eda nzima nilimchunguza mwanamke yule, na hata mara moja sikujiuliza kama naye alikuwa amefiwa.