Nilifuta namba 17 ya Mama Shiro kwenye router, Mama Jerop akairudisha kwa mkono

Wakuu, salamu zenu nyote, pamoja na nyinyi mnaosoma kimyakimya saa za kazi.

Juzi humu kulikuwa na vijana wanatukanana: network ya ofisi uweke static ama DHCP reservation? Mmoja akasema static ni ya washamba.

Nilicheka peke yangu. Hayo maneno niliwahi kuyasema mimi, tena mbele ya mtu aliyenizidi akili kwa mbali. Majina nimebadilisha. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na sehemu moja ni aibu yangu.

Kwa wasio wa fani: kila kompyuta ofisini inahitaji namba yake, ndiyo hiyo IP address. Static unaenda kwenye mashine yenyewe, unakaa, unaiandika namba kwa mkono. Reservation namba inakaa kwenye router, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote. Mashine ikiwaka, router inaitambua na kuipa namba yake ileile. Unapanga ofisi nzima bila kuinuka kwenye kiti chako.

Kumbukeni hilo la kiti.

Mwaka 2007 nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, nimepanga chumba upande wa Chepkoilel, nikaajiriwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi ya ushirika wa wafugaji mjini Eldoret. Maziwa yanafika asubuhi kutoka mashamba ya sehemu inaitwa Ziwa na kwingine, yanapimwa, halafu vipimo vinaingizwa kwenye program iliyokaa kwenye server, ile kompyuta kuu ya ofisi. Ile program ilikuwa ya kizamani na ilikubali namba kumi tu, 11 hadi 20, za meza kumi. Meza yako ikikosa namba, huna kazi.

Mkubwa wangu alikuwa Mama Jerop, mwenyeji wa huko huko Ziwa. Aliajiriwa kama typist. Network alijifunza kwa kusimama nyuma ya mafundi wa kukodiwa na kuwauliza maswali mpaka wanakasirika.

Alikuwa na counter book iliyofunikwa kwa karatasi ya kaki. Kila badiliko liliandikwa humo: siku, namba, meza, nini kimefanyika, nani amefanya. Akikosea yeye, anaandika jina lake.

Na mashine zote aliziweka static, kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Mimi na diploma yangu nikamwambia huo ni ushamba. Wengine wangenitoa mbio. Yeye alivuta kiti akaniambia nimfundishe hiyo reservation, na wiki moja baadaye alikuwa ananikosoa.

"Hizi za watu weka vile unataka," akasema. "Lakini server na printa wachana nazo. Router ikikufa, hizo mbili lazima zijijue zenyewe." Nikazihamishia reservation zote za watu.

Wakuu, hilo jibu ndilo vijana walikuwa wanatafuta juzi kwa kurasa nne.

Namba 17 ilikuwa ya Mama Shiro. Yeye ndiye aliingiza vipimo vya maziwa. Mama mmoja wa vicheko, alikaa mtaa wa Munyaka, na sweta yake ya maroon haikuwahi kutoka kwenye mgongo wa kiti.

Yaliyotokea baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka ule, watu wa makabila ya nje wakifukuzwa mjini, mnayajua na sina nguvu ya kuyarudia. Mama Shiro aliondoka na watoto na nguo walizovaa. Walilala kanisani siku kadhaa, halafu lori likawapeleka kwa ndugu zake Nyeri. Simu yake ikawa haishiki.

Ofisi ilipofunguliwa tena, sweta ilikuwa pale pale.

Tukaletewa meneja mpya. Kanuni yake ilikuwa fupi: meza isiyofanya kazi inapewa mtu mwingine. Kwa hiyo Mama Shiro alikuwa na kazi kwa muda ule tu ambao meza yake ilikuwa inafanya kazi, na yeye mwenyewe hajui hata kama kuna mtu anamkumbuka.

Mama Jerop hakubishana na meneja. Alianza tu kufika saa moja kabla yetu, anakaa kwenye kiti cha Mama Shiro, anawasha mashine, anaingiza vipimo vyote. Akimaliza anahamia kwake na kuanza kazi yake. Kila siku ya Mungu.

Sasa muelewe ule ulikuwa wakati gani. Majirani zake waliacha kumsalimia. Mtu ofisini alimuuliza tukiwa wote tunasikia, "Huyo unamwekea kiti ya nini?"

"Mimi siweki kiti," akajibu. "Mimi naandika maziwa."

Asubuhi moja alikuta karatasi ya matusi mezani. Aliisoma, akaigeuza, akaandikia vipimo vya siku hiyo upande wa nyuma. Sijawahi kuona ujasiri wa aina hiyo kwa mtu aliyevaa sandals na soksi.

Aibu yangu sasa.

Ijumaa moja mchana meneja aliniita. Kuna mtu mpya anaanza Jumatano, anahitaji namba, futa ile ya 17. Mimi ni mtu wa Bungoma, mgeni pale kama Mama Shiro tu. Niliogopa. Nikajiambia kazi ni kazi.

Nilirudi kwenye kiti changu, nikaingia kwenye router, nikabonyeza mara mbili. Reservation ikaenda. Sikulazimika kuiona ile sweta.

Jumatatu Mama Jerop akawasha mashine. Router ikaipa namba nyingine na program ikamkatalia. Siku hiyo nilikuwa nimewahi, niko mlangoni naingia. Aliniangalia mara moja tu, nikajua amejua.

Hakupiga kelele. Akafungua counter book, akaingia kwenye settings, akaandika 17 polepole, tarakimu moja moja. Static, wakuu. Ule ule ushamba.

"Toa 17 kwa zile namba router inagawa, isikuje kugongana," akaniambia. "Sasa mwenye anataka kuitoa akuje akae kwa hii kiti, aitoe kwa mkono yake."

Niliitoa kwenye router palepale.

Jumanne meneja akaniuliza kama nimemaliza. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikamwambia, "Boss, imeandikwa ndani ya mashine yenyewe. Ukitaka itoke twende pamoja pale mezani."

Tukaenda. Alisimama nyuma ya kiti, mkono wake ukagusa sweta, akaurudisha haraka. Nikamfungulia program. Vipimo vya kila siku tangu tufungue, hakuna siku iliyorukwa. Mama Jerop alikuwa meza ya pili, anapiga stapler kama hatuoni.

Meneja akasogeza vipimo mpaka siku ya kwanza. Halafu akasema yule mtu mpya ataanzia mapokezi, akaenda zake. Nampa heshima yake pia, maana angeweza kukaa kwenye kile kiti na hakukaa.

Mama Shiro alikuja mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani. Hakuja kazini. Alikuja kuchukua sweta yake na kutuaga.

Alikuwa amekonda sana. Akaichukua sweta, akaishika kifuani. Halafu, nadhani kwa mazoea tu, akakaa na kubonyeza ile power. Program ikafunguka. Akaangalia tarehe ya mwisho, ilikuwa ya asubuhi hiyo hiyo.

"Ni nani amekuwa akiandika?"

Mama Jerop akainuka kwenda kuchukua chai. Mama Shiro akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, mwezi kwa mwezi, machozi yanadondoka kwenye keyboard.

Mama Jerop akamletea kikombe cha chai. "Kaa chini kabisa, Mama Shiro. Maziwa ya Ziwa imechelewa leo, bado unaiwahi."

Aliiwahi. Alifanya kazi pale miaka mingine mingi.

Mama Jerop alistaafu, yuko Ziwa na ng'ombe zake, na bado ananipigia kuniuliza maswali ya router. Siku anaondoka alinikabidhi ile counter book. Niliifungua moja kwa moja kwenye ile Jumatatu. Nilijua jina langu limo, kwa sababu hakuwahi kumwonea mtu haya kwenye kile kitabu, hata yeye mwenyewe.

Aliandika hivi: "17 imepotea. Imerudishwa kwa mkono. Sababu: stima."

Stima, yaani umeme, haikupotea siku hiyo, wakuu. Ni uongo mmoja tu katika kitabu kizima, na aliuandika kwa ajili yangu. Mama Shiro mpaka leo hajui kuwa ni mimi niliyeifuta.

Kwa hiyo msimamo wangu: server na printa static, za watu reservation, kila kitu kiandikwe. Na kabla sijafuta namba ya mtu, lazima niinuke, niende nikakae kwenye kiti chake kwanza.

Wataalamu nikosoeni kwenye network. Na kama kazini kwenu kuna Mama Jerop, mtajeni hapa chini tumpe heshima yake akiwa hai.