Kazi ya Kuwapa Wanamuziki Kisogo

Peris amefanya kazi miaka mingi katika ukumbi mkubwa wa muziki mashariki mwa London, na hajawahi kuona onyesho hata moja. Si kwamba hapendi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kusimama na fulana ya njano mbele ya kizuizi cha chuma, jukwaa likiwa nyuma yake, akiwatazama watu. Anayezimia anamvuta, mwenye kiu anampa maji, mlevi anamkazia jicho. Kugeuka ni mwiko. Wanamuziki ambao wengine wamepanda ndege kuja kuwaona, yeye anawajua kwa mtetemo wa mgongoni tu.

Wenzake wa kanisani Stratford humtania kwamba amekuwa kama mpishi wa harusi aliyefunga. Hucheka nao, lakini moyoni haoni kama amepunjwa. Ameona nyuso. Amewahi kumwona mzee wa suti na tai akilia kwikwi kwa ajili ya wimbo, na hiyo, akikwambia, ni sinema tosha.

Uso uliomshinda uko nyumbani kwake. Tatiana, bintiye wa miaka kumi na saba, ana kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo na kuendelea, la. Neno likikwama limekwama, shingo inakaza, macho yanafumba. Akitazamwa ndiyo balaa zaidi. Na Peris, ambaye Mungu alimnyima subira, alizoea kummalizia maneno. Mtoto akianza tu, "Mum, I w— I w—", mama ameshajibu: "Unataka chai? Iko kitchen." Wakati mwingine wala hakuwa akitaka chai. Mwishowe Tatiana akaona kusema ni kazi bure. Akawa anavaa vipokea sauti masikioni na kujifungia chumbani na nyimbo za bendi ya roki ya Kijapani, vijana wanne kutoka Osaka. Peris hakuusikia muziki huo. Alichosikia ni kisigino cha bintiye kikigonga sakafu.

Basi bendi ikaja London, tena katika ukumbi uleule. Tatiana akamtumia mama yake ujumbe wa simu, ingawa walikuwa wameketi meza moja, akimsihi asije kule mbele. Abaki mlangoni.

"Sawa, mami," Peris akasema. "Nimekuahidi. Sitashuka."

Siku yenyewe akapangiwa mlango wa juu, akamshukuru Mungu. Lakini onyesho lilipopamba moto, mwenzake mmoja wa mbele akateguka mguu, na sauti ya Surinder ikamwingia sikioni kupitia redio. Surinder ndiye msimamizi wao, Singasinga wa Kenton aliyezaliwa Kisumu, na akiwa na haraka Kiingereza humkimbia.

"Mama Tatiana, kuja chini. Katikati kabisa. Sasa hivi!"

"Surinder, please tuma mtu mwingine. Msichana wangu yuko huko."

"Mtu mwingine nitoe wapi? Watu wanabanwa huku! Kuja!"

Akashuka, ahadi ikimchoma.

Alipofika tu kwenye kizuizi, ngoma zikaanza wimbo mpya, naye akashtuka. Mdundo ule aliujua. Ndio uliokuwa ukigonga sakafu yake kila jioni. Ukumbi mzima ukalipuka. Maelfu ya watu, Wazungu, Waafrika, Wahindi, mabinti wa hijabu, wote wakaimba Kijapani kwa pumzi moja, kana kwamba ndiyo lugha waliyonyonya kwa mama zao. Mwili ukamsisimka. Halaiki nyingi zimemwimbia usoni, lakini hakuwahi kuona watu wakibeba kwa mapenzi namna ile maneno yasiyo yao.

Kisha akamwona. Tatiana alikuwa safu ya pili, shingo imelegea, uso ameuinua, anaimba.

Wimbo ule una mahali unapokimbia, maneno yanamwagika bila nafasi ya kupumua. Wengi walishindwa hapo wakabaki kupiga makofi. Tatiana hakushindwa. Maneno yalimtoka moja baada ya jingine, mazima, hakuna lililokwama. Peris akasahau maji, akasahau kizuizi. Yeye aliyempeleka kwa wataalamu hadi Croydon, aliyefunga na kukesha akiomba, hakujua kuwa mtoto wake ana sauti pana hivyo. Mungu wangu, ni huyu kweli? Ndipo alipogundua kuwa midomo yake mwenyewe imejiandaa, kwa mazoea, kummalizia. Na hakuwa na neno hata moja la kummalizia.

Macho ya Tatiana yakashuka, yakaanza kupita kwenye zile fulana za njano. Yalikuwa yanakuja kwake. Yakikutana na yake, sauti ile itakufa. Peris alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Pa kujificha hapakuwepo.

Akageuka.

"Peris! Unafanya nini? Geuka, wewe!" Surinder akafoka sikioni.

Hakugeuka. Mbele yake taa ziliwaka, kijana mmoja mwembamba alirukaruka na gita, lakini machozi yalimjaa na hakuona la maana. Alikuwa akisikiliza kwa kisogo. Wimbo ukarudi pale unapokimbia, watu wakaachia, sauti zikapungua, na katika zile chache zilizobaki akaisikia moja, karibu sana, ikienda hadi mwisho bila kukatika.

Wimbo ulipokwisha, mkono ukamgusa bega. Alidhani ni mtu wa maji. Alikuwa Tatiana, jasho linamtiririka, amejipenyeza hadi kwenye kizuizi.

"Mum, did you h— h—"

Shingo ikakaza. Peris alijua anachotaka kuuliza: kama amemsikia. Jibu lilikuwa limemjaa kinywani. Akalimeza, akamtazama mwanawe, akangoja mpaka neno lifike.