Taa Nyekundu ya Getini

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya gizani, na nalisema hilo mapema ili msije mkanicheka. Nimesoma, nimefanya kazi na mashine miaka mingi kwenye mgodi wa almasi kule Shinyanga, na hata leo mtu akinitajia jini namwambia akanywe maji alale. Lakini lile sanduku la getini, jamani, lile lilinishinda.

Lilikuja pamoja na mashine mpya, miaka ya sabini. Zamani sisi wanawake wa chumba cha kuchambulia tulitazama changarawe ikipita na maji juu ya meza iliyopakwa grisi: almasi inanasa, mawe mengine yanakwenda zake. Mashine mpya haikuhitaji macho ya mtu. Almasi ikipita kwenye mionzi inang'aa, bomba la hewa linaipuliza pembeni, fyu! Na huko ofisini mashine ya kuandikia inaandika yenyewe, hakuna aliyeigusa. Siku ya kwanza kuona vile vitufe vikishuka vyenyewe nywele zilinisimama. Kazi yetu ikawa kukaa nyuma ya kioo, kuitazama ikifanya kazi yetu.

Sanduku la getini nalo liliunganishwa kwa waya na ofisi ile ile. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yenye matundu. Saa tisa alasiri ukitoka unaichomeka. Ikiwaka taa ya kijani, nenda nyumbani. Ikiwaka nyekundu, ingia chumba cha pembeni ukapekuliwe mpaka ndani ya nywele. Fundi wa umeme, kijana wa pale mjini, alitueleza vizuri tu: "Linapiga kura, dada zangu. Halimjui mtu."

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenitafutia kazi pale. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, ulimi wake mkali, macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni kama nusu ya wanawake wa kwetu. Wiki ya kwanza taa ilimwakia nyekundu siku tatu mfululizo. Tukacheka mpaka basi. "Linanipenda hili," alisema. "Hata marehemu hakuwahi kunipapasa hivi!" Askari wa kike hakumkuta na kitu ila kikopo chake cha ugoro. Wiki ya pili ikawa siku zote sita. Wiki ya tatu hakuna aliyecheka.

Nikasema kadi ndiyo mbovu. Tukabadilishana kimyakimya, yeye akachomeka yangu, mimi yake. Mimi kijani. Yeye nyekundu. Nikamwendea fundi, na Jumapili mchana, geti likiwa halina watu, akalifungua sanduku akaijaribu kadi ya shangazi mara nyingi mbele yangu. Kijani, kijani, nyekundu moja, kijani tena. "Umeona? Bahati nasibu tu," akasema. Akaanza kurudisha skrubu, kisha akaniambia bila kunitazama, "Ila yeye mwenyewe asije hapa wakati nimelifungua."

Sasa, watu wa kwetu wanajua kwamba mganga hupasua kuku akatazama ndani, akaona nani mchawi. Hawakuona ajabu kwamba sanduku nalo linaweza kutazama. Tena lile jambo la shangazi kutokutwa na kitu, mimi nilidhani lingemsafisha. Wapi! Ndilo lililommaliza. "Mbona hawajamkuta na almasi hata moja?" jirani yangu wa benchi aliniuliza kwa kunong'ona. "Mwenzangu, lile halitafuti almasi kwake. Linaona kingine."

Benchi la shangazi likabaki la peke yake. Vijana waliokuwa wakimwamkia shikamoo kwa mbwembwe sasa walimwamkia wakitazama chini, wanapita. Kisha mtoto wa mwenzetu mmoja akafa kwa homa kwenye nyumba za wafanyakazi. Mama yake aliporudi kazini hakumtazama mtu mwingine yeyote, alimtazama shangazi kutwa nzima. Msimu uliotangulia, kijiji cha jirani, bibi mmoja alikutwa shambani kwake amekatwa mapanga, na maneno yaliyomuua yalikuwa mepesi kuliko hayo. Hakuna aliyehitaji kutuambia mambo yanaelekea wapi.

Asubuhi moja shangazi alikuja kwangu na mzigo wake umefungwa, akautua ndani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kesho nakwenda Ushetu kwa mdogo wangu, nikalime naye tumbaku. Lakini nikiondoka kimya watasema nimekimbia, watanifuata njiani. Wewe umesoma, wanakusikiliza. Leo getini, mbele ya wote, waambie ile ni kura tu." Akanishika mkono. "Utasema?"

"Nitasema. Kwani namwogopa nani?"

"Wabeja, mwanangu. Asante sana."

Saa tisa watu walijipanga, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Nikaona nichomeke kadi kwanza, halafu nigeuke niwaambie. Nikachomeka.

Nyekundu.

Ilikwisha kuniwakia siku za nyuma, kama ilivyowawakia wengi, na haikuwa kitu. Lakini siku ile nilikuwa damu yake. Nikasikia miguu ikirudi nyuma kwenye changarawe, mmoja, wawili, mstari mzima. Mtu akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Amemrithisha." Na yule mama aliyefiwa akayaondoa macho yake kwa shangazi, akanitazama mimi. Sijapata kuogopa vile maishani mwangu.

"Si mimi!" nikapaza sauti. "Ni yeye. Amenishika mkono asubuhi."

Hakuna aliyenilazimisha. Nimejitafutia udhuru miaka yote hii na sijaupata. Shangazi alinipita, akachomeka kadi yake, na baada ya wiki tano taa ikamwakia kijani. Watu wote wakaguna. Akatoka, akaifuata barabara, hakupitia hata kwangu kuchukua mzigo. Wanaume kama watatu wakatoka nyuma yake, taa yao kijani. Mimi nikaingia chumba cha pembeni nikavua nguo. Nilipomaliza kupekuliwa, barabara ilikuwa tupu.

Wiki mbili baadaye alikuja mtu kutoka Ushetu, ametumwa na mdogo wake shangazi. Nilimkaribisha kiti, nikampa maji. Akauliza shangazi anakwenda lini, maana chumba chake kimeshakandikwa na wanamngoja.

Nikamwambia alishaondoka siku nyingi.

Akaitua kata ya maji. Kwetu mzazi haondoki peke yake, kwa hiyo swali lake lilikuwa la kawaida kabisa.

"Ulimsindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka getini," nikamjibu.