Nilijifanya Mtaalamu wa Kompyuta, Mjane Akafungiwa Kaburi la Mumewe

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Mimi mwenyewe nimevitafuta miaka minne, sikupata hata kimoja.

Nina miaka sitini na kitu. Shule niliacha darasa la nne, na nadhani mwalimu alishukuru. Nilifika Karatu kutoka Kilimanjaro na begi moja. Nilishona viatu stendi, nikauza betri na sigara, mpaka nikafungua duka langu la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kompyuta mbili za kwanza mtaani kwetu zilikuwa zangu! Watu wa utalii walikuja na mashati yao ya kaki kuchapisha orodha za wageni, wakipanga foleni kwangu mimi. Sikusomeshwa na mtu. Hilo nilikuwa nalisema kila siku, hata kwa mtu ambaye hajaniuliza.

Lakini elewa vizuri. Kompyuta zilikuwa zangu, aliyezijua ni Neema, binti wa kidato cha nne niliyemwajiri. Mimi nilijua kuwasha. Kuzima alinikataza, maana nilikuwa nachomoa waya ukutani.

Siku moja akaja mjumbe wa baraza la kata. Kata gani sitaitaja.

"Mangi," akaniambia, maana ndivyo wanavyotuita sisi Wachaga wenye maduka, "mwenyekiti anakuita. Kuna kesi ya shamba na karatasi ya kompyuta. Wazee wamebishana wee, hawaielewi. Wewe ndiye mwenye mashine."

Ningeweza kumtuma Neema. Nilimtazama, nikaona kabinti ka miaka ishirini. Nikavaa koti nikaenda mwenyewe.

Mwenye kesi alikuwa mjane, nitamwita Mama Safari. Mumewe alikuwa dereva wa watalii. Aliugua, na kabla ya kufa aliandikisha wosia kwamba shamba na nyumba ni vya mke na watoto. Akafa, akazikwa palepale shambani, nyuma ya nyumba. Hata arobaini haijapita, mdogo wake marehemu akadai shamba ni la ukoo.

Wosia ulikuwa na kurasa tatu. Sahihi zote zilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Shemeji akasema ule wa kati, wenye maneno ya shamba, umechomekwa baadaye. Shahidi mmoja alishakufa, wa pili alikuwa kaka yake mjane, hawakumwamini. Karani aliyeuchapa alishahama na hakuna aliyejua alikokwenda.

Wakanipa karatasi. Nikavaa miwani. Ndugu yangu, sikuelewa chochote! Watu wamekaa kwenye mabenchi wananitazama mimi, nami natazama dari.

Ndipo nikaziona zile alama. Zile tulizofundishwa kuziita fungua semi na funga semi, zinazokaa mwanzoni na mwishoni mwa maneno ya mtu. Ukurasa wa kwanza na wa tatu zimesimama wima kama misumari. Ukurasa wa kati zimepinda kama mundu, moja inatazama huku, nyingine kule. Mungu anaona, nilifurahi! Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

"Huu wa kati si ndugu wa hawa wawili," nikasema kwa sauti kubwa. "Mashine ikinyoosha inanyoosha, ikipinda inapinda. Haiwezi yote mawili. Huu umechapwa mahali pengine, siku nyingine."

Mama Safari akasimama. "Baba, aliyechapa ni mtu mmoja. Nilikuwa nimekaa pale, nimempakata huyu mdogo. Alichapa zote asubuhi ileile."

"Mama," nikamjibu, "ulikuwa unaangalia mtoto au unaangalia mashine?"

Baraza zima likacheka! Mzee mmoja akapiga goti kwa kiganja. Yule mama akajaribu kucheka nao, akashindwa, akakaa.

"Mangi amemaliza," mwenyekiti akasema. Shamba likaenda kwa shemeji. Mimi nikanunuliwa soda, nikainywa yote.

Haikufika hata wiki tatu. Mwenye kambi moja ya watalii alileta disketi yenye masharti ya wageni, akataka Neema aongeze chini yake maneno ya wageni waliosifu chakula. Neema akachapa, akatoa karatasi. Nikaichukua mkononi, nikaona misumari juu, mundu chini.

"Neema! Nani kachomeka maneno hapa?"

"Kachomeka wapi, mzee?"

"Hizi alama! Mbona za juu zimenyooka na za chini zimepinda?"

Akacheka. "Aa, hizo! Za juu zimekuja na disketi, zinabaki zilivyokuja. Za chini nimeandika mimi sasa hivi, mashine inazipinda yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Tazama." Akabonyeza kitufe kimoja, mara moja alama ikatokea imeshapinda, wala hakuna aliyeigusa. Akafungua kidirisha, akanionyesha kisanduku kidogo chenye tiki. "Ukiitoa hii tiki, hazipindi tena. Na zile za zamani ukitaka zifanane na mpya, unaiambia mashine izitafute zote, inazibadilisha kwa mkupuo. Nilisahau tu, ngoja nizisawazishe."

Dakika mbili, karatasi nzima ikawa ya namna moja.

Tiki! Yaani mwanamke amepoteza shamba kwa ajili ya tiki!

Nikaketi juu ya boksi la karatasi. Nikaiona ile asubuhi ya kuchapa wosia kana kwamba nilikuwepo. Karani ana mfano wa wosia kwenye disketi, mwanzo na mwisho wake ni wa watu wote. Yale ya katikati, maneno ya marehemu mwenyewe, anayaandika palepale. Ni kama alivyosema yule mama, neno kwa neno.

"Mzee, unaumwa?" Neema akauliza.

"Siumwi. Fanya kazi."

Siku za kukata rufaa zilikuwa bado hazijaisha. Nisikilize hapa, maana hapa ndipo dhambi yenyewe ilipo. Kule barazani nilikosea kwa ujinga. Lakini kuanzia dakika ile nilikuwa najua! Ningepanda gari asubuhi, mchana ningekuwa nimeshasema, nimerudi. Nikajiwazia: watacheka. Watasema Mangi ana kompyuta kama ng'ombe alivyo na kengele. Nikanyamaza siku ya kwanza, nikanyamaza ya pili, mpaka siku za rufaa zikaisha.

Nilichofanya ni kumwamuru Neema aitoe ile tiki kwenye mashine zote mbili.

"Kwa nini, mzee? Zinapendeza zikipinda."

"Toa!"

Baadaye Neema alisikia habari za kesi kwa mwenzake wa kwaya. Aliingia dukani hakukaa. Akaweka funguo mezani, akasema, "Mzee, si ungenituma mimi?" Akaondoka. Sijapata mwingine kama yeye.

Shemeji hakulilima hata misimu miwili, akaliuza. Mnunuzi akajenga kambi ya wageni, akazungushia uzio wa nyaya na geti lenye mlinzi. Kaburi likabaki ndani, karibu na wanapoegesha magari. Dereva mmoja alinisimulia dukani akisubiri fotokopi zake, hajui anamsimulia nani: siku ya kuombea marehemu Mama Safari alikwenda na maua yake na watoto, mlinzi akamwambia akaombe kibali kwa meneja. Meneja alikuwa Arusha. Wakayafunga maua kwenye waya, wakaondoka.

Tangu siku ile karatasi zinanitazama. Sisomi tena maneno, naona zile alama tu, mbili mbili kama macho. Ratiba ya mazishi, barua ya mkopo, tangazo la mnada. Kanisani mke wangu ananikanyaga mguu: "Unatafuta nini kwenye karatasi ya ibada? Imba!" Siwezi kumwambia natafuta nini. Nikifumba macho wakati wa sala namwona yule mama akijaribu kucheka nasi.

Mwaka jana nikamtafuta. Amepanga chumba kimoja nje kidogo ya mji, anaponda kokoto. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, baba," akasema.

Unajua, sikuweza kuitikia marahaba! Nikasimama pale kama mtoto, nikamweleza yote, disketi, tiki, Neema, siku za rufaa. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Kwamba hujui. Ulikaa na ile karatasi muda mrefu, ukatazama dari. Mtu anayejua atatazama dari atafute nini? Nikasema moyoni, huyu ni mzee, atatuambia tu haelewi."

Nikamwambia nitamjengea vyumba viwili, bati nitatoa mimi, na fundi.

"Sitaki bati zako, baba. Kaseme palepale uliposemea. Wale waliocheka wasikie."

"Mwenyekiti yule amefariki, mama."

"Waliocheka hawajafa."

Akaingiza sufuria ndani. Sikukaribishwa, na ilikuwa haki.

Mahindi yamevunwa, yamepandwa tena, sijakwenda. Mara mbili nimefika kwenye njia panda ya kuingilia kata ile, nikashuka kwenye gari, nikavuka barabara nikasubiri gari la kurudi. Mimi niliyekuja mji huu na begi moja bila kumwogopa mtu! Naogopa benchi la wazee na kicheko chao.

Kwa hiyo naandika huku, bila jina. Usinisifu. Gazeti hili halifiki kule, nami nalijua hilo, ndiyo maana imekuwa rahisi.

Wewe unayesoma, hasa wewe mwenzangu uliyejitafutia, ambaye watu wamezoea kukusikiliza kwa sababu una duka na koti: ukiitwa kutolea ushahidi jambo usilolijua, mwambie mwenyekiti hulijui, urudi kwako. Watacheka kidogo, kisha watakunywa chai. Na kama ulishasema, na leo umejua kwamba ulikosea, usilale nalo hata siku moja. Rudi palepale, mbele ya walewale, uwaambie kwa mdomo wako. Nenda kabla uzio haujajengwa. Ukishajengwa, mlinzi hana ruhusa ya kukufungulia, wewe wala mwenye kaburi.