Bolti za Mabawa ya Baba

Leo nimevunja ndege ya Baba kabla haijaruka hata mara moja.

Nabandika hili kwenye ubao wa darasa letu mtandaoni kabla hamjayasikia ya huku machimboni Macalder kwa wengine.

Baba ameijenga mwenyewe, na alipanga kuirusha Jumapili ijayo. Bolti za kushikilia mabawa alizitoa kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu.

"Zimevumilia mawe miaka sita," alisema. "Zitashindwa na hewa?"

Nilimsihi tuzipime kwanza.

Tuligeuza ndege chali, kwa sababu angani bawa husukumwa kwenda juu, tukayapakia mabawa magunia ya mchanga. Wachimbaji wakaacha mashimo waje kutazama. Mchungaji akaomba.

Gunia la tisa, bolti ikakatika. Bawa likaanguka.

Baba mdogo Ogola, aliyeahidiwa kiti cha pili, akamgeukia Baba.

"Omera, ndugu yangu, ndege yako ilikuwa nzima mpaka huyu msomi alipoipima."

Watu walicheka sana. Nilitamani kuingia shimoni.

Baba aliiokota bolti. Pale ilipokatika, nusu ilikuwa na kutu na nusu iling'aa. Ufa ulikuwa wa zamani, tangu kinuni.

Akamwonyesha ndugu yake. "Jumapili bado unakuja?"

Baba mdogo akakumbuka ana mazishi.

Jioni Baba aliniletea daftari langu la fizikia. "Nyara, binti yangu, andika tunahitaji bolti gani."

Sijui, jamani. Chekeni mmalize, kisha mwenye kitabu kinachoeleza nguvu za chuma aniazime.