Malaria ya Jumamosi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokimbia na fahali wetu akanifuata. Watu wa upande wetu wa Malinya walicheka hadi wakashika mbavu. Mpaka leo kuna mzee mmoja pale sokoni ambaye haniulizi habari za nyumbani kabla hajaniuliza habari za mahindi. Ngoja, nitakueleza mahindi yaliingiaje.

Baba alikuwa na fahali aliyeitwa Diwani. Alipewa jina hilo kwa shingo yake nene na kwa kutopenda kazi. Huku kwetu fahali wa kupigana halimi wala havuti mkokoteni. Anakula, anakaa peke yake akijaza hasira, na Jumamosi asubuhi anasindikizwa uwanjani kwa ngoma za isukuti, filimbi na matawi mabichi. Mbele yake hutangulia mtu mmoja mwenye fimbo, akiimba sifa zake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sauti ninayo, kifua ninacho, na mchumba ninaye, Trufosa. Baba akasema safari hiyo nitangulie mimi.

Tulipoukaribia uwanja na kuuona ule umati, moyo ukaanza kunienda mbio. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haishuki, jasho baridi likanitoka. Nikajua nakufa. Nakwambia nilijua, kama unavyojua jina lako! Nikatupa fimbo, nikaingia shamba la mahindi la jirani. Diwani alipoona mtu wake ametoroka, akawaza kumbe hapa kuna jambo, naye akageuka akaja mahindini. Fahali wa wenzetu alishinda bila hata kuguswa pembe.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi kicheko kilikaa kwetu wiki nzima.

Mama aliponikuta nimejifunika blanketi, nikamwambia ni malaria. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, wala si kule mahindini. Zile mbio zilikuwa ugonjwa. Uongo ulikuwa wangu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata, malaria tena. Nyingine, malaria. Nikameza vidonge, nikanywa mwarobaini mpaka ulimi ukasahau utamu wa sukari. Nikajaribu pombe ya busaa pia, na busaa ikanipa ujasiri wa saa mbili na wasiwasi wa siku mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilianza kushtuka kila mahali. Kwanza niliuogopa uwanja, halafu soko, halafu kanisa. Kanisani nilihamia benchi la karibu na mlango, kisha nikahamia nyumbani kabisa.

Na harusi yetu ilikuwa imepangwa Desemba, kanisani, siku ya Jumamosi.

Trufosa akaja. Hakutaka chai, hakutaka kiti. "Wewe," akasema, "mimi nimeuguanga malaria tangu nizaliwe. Sijawahi kuona malaria yenye inajua kalenda."

Nikavuta blanketi hadi kidevuni.

"Baba yangu ameanza kuuliza kama nyinyi ni watu wazima. Utasimama mbele ya watu ama hutasimama? Kama hutasimama, niambie sasa. Nisije nikaachwa hapo mbele nimeshika maua."

Akaenda zake. Nilimpenda yule msichana, mwanangu. Nilimpenda hadi chakula hakishuki.

Siku ya pili jirani alikuwa anajaribu ngoma mpya. Diwani aliposikia, akaanza kutetemeka na kurudi kinyumenyume. Sijui hasira ilitoka wapi. Nikachukua fimbo nikampiga, nikampiga tena. Mara mkono mkavu ukanishika kifundo cha mkono na kuninyang'anya ile fimbo. Alikuwa Mzee Shisia, mtu aliyefundisha mafahali wa eneo letu lote tangu kabla sijazaliwa. Mdogo wa mwili, lakini fahali walimheshimu kuliko chifu.

"Unampigia nini?"

"Anaogopa ngoma."

"Na wewe ukiogopanga, nani anakupiga?"

Akaendelea taratibu, akimpapasa Diwani shingo. "Huyu hakuzaliwa akiogopa ngoma. Alikuona wewe ukikimbia. Sasa ukimpiga, atajua ngoma na fimbo ni kitu moja. Umeongeza ugonjwa, hujatibu."

Woi! Nililia pale mbele ya ng'ombe. Nikamweleza yote: moyo, vidole, pumzi, uongo, Trufosa. Hakucheka hata kidogo. (Alicheka baadaye, siku ya harusi, akacheka deni lote.) Akasema, "Ng'ombe akiacha kula, tunamwitanga daktari kwanza. Hatuanzi na matusi. Kesho twende hospitali."

Tukaenda Kakamega mjini. Daktari akapima damu, akasikiliza kifua, akauliza maswali mengi. Malaria hakuna. Moyo mzima kabisa. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwili wako unapiga mayowe ya mwizi, na mwizi hayupo. Huu ni ugonjwa wa wasiwasi. Si uchawi, si uvivu, na si wewe peke yako." Akasema unatibika kwa mazungumzo na mazoezi, na wengine huongezewa dawa. Akanipangia siku za kurudi tuzungumze, na akanifundisha kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Njiani nilikuwa nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyepata ng'ombe wake aliyepotea. Ugonjwa wenye jina unaweza kuitwa, na ukiitwa unaweza kuja ukafungwa kamba kama ng'ombe.

Nilipomweleza Mzee Shisia kuhusu hayo mazoezi, akacheka kidogo. "Kumbe daktari amewahi kufuga fahali! Sisi mwoga tunampelekanga uwanja ukiwa mtupu. Anakula nyasi, anazoea. Siku nyingine ngoma moja, mbali. Akitetemeka, humrudishi nyumbani. Ukimrudisha akitetemeka, umemfunza kutetemeka. Unasimama naye mpaka atulie, ndiyo mnarudi."

Basi tukafundishwa pamoja, mimi na Diwani. Asubuhi tulikwenda naye uwanjani kusikokuwa na mtu. Mchana nilikwenda kanisani siku ya Jumanne, nikaketi benchi la mbele, mimi na Mzee peke yetu. Moyo ulinipiga vilevile, na miguu ikataka mlango. Nikatoa pumzi polepole, nikangoja. Mzee alisinzia kando yangu, na kukoroma kwake kulinituliza kuliko maombi yangu, Mungu anisamehe. Baada ya muda, mayowe yakachoka yenyewe. Siku nyingine tukaenda wakati wa mazoezi ya kwaya. Kisha Jumapili, nyuma. Kisha katikati. Kuna wiki nilishindwa kabisa nikabaki nyumbani, na Mzee hakunigombeza. Alisema hata Diwani jana alikataa.

Kwa Trufosa nilikwenda mwenyewe, nikamwambia haikuwa malaria. Akanitazama sana. "Ungesemanga hivyo tangu mwanzo, tungekuwa tumefika mbali," akasema, na siku hiyo akakubali kiti na chai.

Desemba ikafika. Isukuti ilitusindikiza hadi mlango wa kanisa, watu wamejaa hadi madirishani. Nilisimama vizuri mpaka mchungaji aliponigeukia aniulize kama ninamkubali. Hapo ukaja. Moyo, vidole, jasho, vyote. Nikautazama mlango. Nilijua kabisa ni hatua ngapi.

Trufosa hakugeuza hata shingo. Akaninong'oneza chini ya shela: "Mahindi yameshavunwa. Utajificha wapi?"

Haki ya Mungu, nilicheka pale mbele ya madhabahu! Mchungaji akadhani ni furaha, na kweli ilikuwa furaha. Kicheko kikanitoa pumzi, nikangoja kidogo, nikasema ndiyo kwa sauti iliyofika barabarani. Na Diwani? Mwaka uliofuata alishinda mara moja na kushindwa mara mbili, lakini hakukimbia tena kabla ya kuguswa.

Usidhani wasiwasi ni wa vijana tu, mwanangu. Nimeuona kwa binti yangu alipojifungua, hawezi kuweka mtoto chini bila kumgusa pua kila dakika kuhakikisha anapumua. Tukasema ni mapenzi ya mama, kumbe alikuwa anateketea. Nimeuona kwa mjukuu wangu wa darasa la nne, tumbo linamuuma kila Jumatatu na kupona kila Ijumaa jioni. Baba yake akashika fimbo. Nami nikamnyang'anya, kama nilivyonyang'anywa. Tukaongea na mwalimu, tukampeleka kliniki, tukaanza kumzoesha shule ikiwa tupu. Sasa anatangulia wenzake kwenye geti.

Na uzeeni? Mwaka jana niliteleza kwenye matope nikaanguka. Sikuvunjika kitu, lakini baada ya hapo sikutoka tena nje. Nikasema ni magoti. Nikajitetea kwa methali: ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini.

Trufosa akaweka sufuria chini. "Zizini anatibiwa, hawekwi pambo. Ulianza na malaria, sasa magoti. Vaa viatu."

Nilikasirika, nakwambia ukweli. Mzee mzima, nimewafundisha wengine, leo nipelekwe kliniki kama mtoto! Lakini nikaenda. Daktari akapima presha, akakagua na dawa ninazomeza, maana uzeeni wasiwasi hupenda kujificha nyuma ya ugonjwa mwingine. Kisha tukaanza upya. Kila asubuhi Trufosa ananishika mkono: "Leo tunaenda mpaka langoni tu, Diwani." Ndiyo, siku hizi ananiita hivyo mbele za watu. Nikitetemeka, hanirudishi. Anasimama nami, anaongea habari za kuku na majirani, mpaka nitulie.

Jana tulifika sokoni. Yule mzee wangu akaniona kutoka mbali, akapaza sauti: "Mahindi yanaendeleaje huko?"

"Yamekomaa," nikamjibu, "lakini siyahitaji."

Basi mwanangu, shika haya. Moyo ukikuenda mbio bila mwizi, usiite malaria, wala usiuzamishe kwenye busaa. Mficha uchi hazai. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha nenda kliniki upimwe. Kuuliza si ujinga. Ukipewa dawa, usiiache kwa kuwa umeamka vizuri siku moja, bali muulize aliyekupa. Usikimbie yote unayoyaogopa, wala usiyarukie yote kwa siku moja. Nenda mpaka langoni leo, kesho ni kesho. Na ukimwona mwenzako anatetemeka, awe mtoto wa shule, mama mzazi au mzee mkaidi kama mimi, weka fimbo chini na usimame naye mpaka atulie.

Mungu akupe moyo unaopiga taratibu, na siku utakapopiga mbio, akupe mtu wa kukuuliza utajificha wapi. Mulembe, mwanangu. Nenda kwa amani, urudi ukicheka.