Nilikuwa Napima Umbali wa Kwenda Kwenye Gari

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa mmeshasikia nusunusu na mnacheka kabla ya wakati, bora mlisikie kwangu: mimi nimewahi kuaibika ukweni, tena ukwe usio wangu.

Kazi iliyonipeleka Meatu ilikuwa kupima wakazi wanatembea umbali gani mpaka wapate gari la abiria. Asubuhi ile kule Lingeka mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye angenitembeza, alichelewa kurudi kutoka kwenye ng'ombe wake, nami (kiherehere changu) nikaamua kwenda peke yangu. Nikamwona mama mmoja kavaa kitenge kipya, kabeba begi kichwani. "Mama, unaenda kupanda gari?" Akasema, "Ee." (Kumbe Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga, na "ee" ndilo jibu la heshima kwa mgeni.) Nikawasha simu ihesabu kilomita, nikamfuata.

Tulitembea, jamani, tukapita mashamba ya pamba, tukavuka korongo, viatu vinanibana, shati jeupe nimelichomekea, na barabara siioni. Mwishowe tukatokea kwenye boma lenye turubai na viti vya plastiki, watu wamekaa na mifuko yao wanatazama njia. Nikajua hapa ndipo abiria wanapongojea.

"Mwangaluka!" wakanisalimia kwa pamoja, wengine wakapiga goti, nikapewa kiti cha mbele na soda. Nikashangaa, abiria wa huku wana ukarimu! Nikamuuliza jirani yangu kama gari bado. "Si wenzako ndio tunawasubiri," akanijibu. Wenzangu gani? Nikanywa soda.

Mzee mmoja akasimama, akaongea Kisukuma kirefu, kisha akanigeukia. "Haya, baba, tuambie. Ngapi?"

Nikatazama simu. "Mpaka sasa kumi na mbili," nikasema, "na nadhani zitaongezeka."

Vigelegele! Akina mama wakainuka, mmoja akanivika kitenge begani, nami nikacheza kidogo (ndiyo, nilicheza), maana sijawahi kuona watu wanaofurahia kilomita kiasi hicho.

Bado nacheza, wakatokea wanaume kadhaa, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Tusameheni, gari halikutokea kule barabarani, tumetembea." Mzee akawaambia wakae tu, mshenga wao ameshafika na ametaja ng'ombe kumi na mbili. Kijana mmoja, ndiye muoaji, akashika kichwa, akamwonyesha mmoja wa wenzake. "Mshenga wetu huyu hapa! Na sisi tumekuja na nane!"

Mimi mtu wa Tanga. Kwetu ng'ombe tungeuliza "wangapi", kwao "ngapi" inatosha kwa ng'ombe na kwa kilomita. Nikaeleza, nikaonyesha simu, nikaeleza tena, hata mwenyewe nikawa sijielewi.

"Kwa hiyo umetembea kote huko kuja kupanda gari hapa?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Hapa halijawahi kuja gari."

Baba wa binti akasema vigelegele vimeshapigwa, hawezi kuwaambia akina mama wavimeze. Wakavutana weee, wakaishia kumi.

Muoaji ndiye aliyenirudisha, kwa pikipiki ya kuazima. Tulipofika akasema taratibu, "Kaka, hiyo gari ikianza kuja, mimi uniambie wa kwanza. Leo imenila ng'ombe wawili, na hata haipo."

Ninachojua ni kwamba sitatoka tena kwenda kupima bila mwenyeji, hata kama nitamngoja mpaka jua lichwe.